Disco Elysium: mchezo niliouchagua baada ya The Witcher 3

Nilipomaliza The Witcher 3, baada ya miezi minne ya kucheza usiku watoto wakiwa wamelala, nilianza kutafuta mchezo mwingine wa kuvaa uhusika, wenye hadithi nzito na watu ambao ningewakumbuka hata baada ya kuzima kompyuta. Mazimwi nilikuwa nimeyachoka. Kompyuta yangu ni mpakato wa kawaida na intaneti ninanunua kwa bando, kwa hiyo katika kuchagua sikuangalia ladha peke yake.

Karibu kila niliyemuuliza alinitajia Baldur's Gate 3, uliotolewa Agosti 2023 na kampuni ya Larian ya Ubelgiji. Sina shaka na sifa zake, ila unadai gigabaiti 150 za nafasi, tena kwenye diski ya SSD, ile ya kasi, na kwa bei ya bando ninalonunua hilo lilimaliza mjadala.

Planescape: Torment wa mwaka 1999 ulinishawishi zaidi. Mhusika wake anaamka juu ya meza ya chumba cha maiti, hajui hata jina lake, na fuvu linaloelea hewani ndilo linalomsomea maagizo yaliyochorwa kwenye ngozi ya mgongo wake. Akifa huamka tena, na sababu ya kutokufa kwake ndiyo hadithi yenyewe. Toleo lililoboreshwa la mwaka 2017 linaendeshwa hata na kompyuta dhaifu. Mapigano yake, hata hivyo, ni ya ovyo, na mimi nilikuwa nimeshapigana vya kutosha, kwa hiyo nikauweka wa pili kwenye foleni.

Hivyo nikabaki na Disco Elysium, kazi ya studio ya ZA/UM yenye asili ya Estonia, uliotoka Oktoba 2019. Nilinunua toleo la The Final Cut la mwaka 2021, ambalo mazungumzo yake yameingizwa sauti za waigizaji, na lililohitaji takriban gigabaiti 20 tu.

Mpelelezi wa polisi anazinduka kwenye sakafu ya chumba cha gesti akiwa na nguo ya ndani tu, baada ya siku kadhaa za ulevi uliomfutia kumbukumbu zote, hadi jina lake. Dirisha limevunjwa, na tai yake inazunguka kwenye pangaboi. Nyuma ya gesti maiti ya mwanamume imening'inia mtini kwa siku saba, na yeye ndiye aliyetumwa kuichunguza. Mji huo, Revachol, ulishindwa katika mapinduzi yake miaka mingi iliyopita na sasa unatawaliwa na wageni, na katika kitongoji cha Martinaise wafanyakazi wa bandari wamegoma, kiasi kwamba kila swali kuhusu maiti linageuka kuwa swali la nani ana haki ya kumtawala nani.

Uwanja wa mapigano haupo kabisa. Mchezaji anazungumza, na stadi zake 24 nazo huzungumza naye kichwani, kila moja kwa tabia yake: mojawapo inajigamba kwa usomi, nyingine inamchochea agombane, na ipo inayomfanya asikie tai yake ikimshauri, na ushauri wa tai hiyo ni mbaya sana. Jambo gumu linapojitokeza, dadu mbili hutupwa. Zote zikitoa moja ni kushindwa hata kwa bingwa, na zote zikitoa sita ni kufaulu hata kwa mjinga. Katika michezo mingi nikishindwa hurudi nilipohifadhi, lakini hapa niliacha kufanya hivyo siku ya pili, kwa sababu aibu za mpelelezi huyu zimeandikwa vizuri kuliko ushindi wake.

Nitoe mfano wa jioni moja. Nilikuwa nadaiwa pesa za chumba na za lile dirisha, mfukoni sina kitu, nikapata mfuko wa plastiki na kuanza kuokota chupa tupu mitaani nikauze. Mpelelezi mwenzangu, Kim Kitsuragi, mwenye miwani, koti la rangi ya chungwa na daftari lisilombanduka mkononi, alinifuata bila kunicheka. Mtu huyu hujiruhusu sigara moja tu kwa siku, na katika saa 34 nilizotumia kuumaliza mchezo huu nilijikuta nikipima maneno yangu kwa kuhofia kumvunja moyo, jambo ambalo hakuna mwandani wa mchezoni aliyewahi kunifanyia.

Yapo ya kulalamikia. Historia ya ulimwengu huu inamwagwa kwa mafungu makubwa, majina ya nchi na ya itikadi yakifuatana kabla mtu hajapumua, na nilipokuwa nimechoka niliyaruka. Ufumbuzi wa kesi nao unachelewa, kiasi kwamba mwenye mazoea ya riwaya za upelelezi, ambazo humwonyesha mkosaji mapema bila kumtambulisha, anaweza kuhisi amepunjwa. La tatu ni lugha: Kiswahili hakimo, na Kiingereza chake kimejaa maneno ya kubuni na mzaha wa kisomi. Msomaji wa Kongo, Rwanda au Burundi aliyezoea Kifaransa ana bahati, maana lugha hiyo imo.

Saa ya mchezo husogea unapozungumza au kusoma tu, kwa hiyo ukitembea mji mzima ukitazama majengo hupotezi kitu. Hilo linamfaa sana mtu mwenye nusu saa tu kabla ya kulala. Mwanzoni mchezo unakupa wahusika watatu walioandaliwa. Mimi nilimchagua yule wa hisia, ambaye ndiye anayesikia mengi ya ajabu, ila mwili wake ni dhaifu kupita kiasi. Ukimchagua, hifadhi mchezo kabla hujawasha taa ya chumbani. Mimi sikuhifadhi, mwanga ukampiga machoni, moyo wake ukasimama, na nikarudi mwanzo hata kabla sijavaa suruali.