Nyumba ya kupanga Chikongola, Mtwara: mwezi wa kumi na nne sasa

Nilihamia Februari mwaka jana, mimi na binti yangu wa darasa la pili. Vyumba viwili, kimoja masta, sebule, jiko na kibaraza kinachopata kivuli cha mwembe wa jirani. Kodi ni 150,000 kwa mwezi. Dalali alisema miezi sita au niache. Jioni mama mwenye nyumba akanipigia mwenyewe: "Mwanangu, lipa mitatu, zinazobaki mnunulie mtoto sare."

Kilichonileta hasa ni LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla. Nilikotoka, Magomeni, tulikuwa wapangaji sita mita moja. Mmoja ana friji la kuuzia barafu, mwingine ana taa mbili, na mchango sawa kwa sawa. Kila wiki maneno. Tena mnaumia wote: mteja wa nyumbani asiyezidi uniti 75 kwa mwezi huuziwa uniti kwa shilingi 100, pamoja na makato ni kama 122. Kaya sita kwenye mita moja hamwezi kubaki humo, mnanunua kwa 356. Elfu tano ilikuwa inatupa uniti 14. Hapa mita ni yangu peke yangu, natumia hamsini na kitu kwa mwezi, na elfu tano hiyo hiyo inanipa karibu 41. Jamani, kabla hujaulizia vigae na rangi ya ukuta, ulizia mita.

Halafu ile kodi ya jengo, 1,500 kila mwezi, inayokatwa ukinunua umeme. Ni deni la mwenye nyumba, ila wapangaji wengi tunaimeza kimya kimya. Huyu mama, nikienda kulipa miezi mitatu, anafungua daftari lake la kaunta, analamba kidole, anatafuta ukurasa wangu na kuandika kwa kalamu nyekundu: "toa 4,500". Sikuwahi kumwomba.

Maji ya bomba yapo na simtanki ipo. Chumba cha nyuma hakipati upepo, kwa hiyo Desemba na Januari tunatandika godoro sebuleni.

Kasoro kubwa ni kutu. Bahari iko karibu na chumvi inakula chuma. Komeo la mlango wa jikoni lilikuwa linaacha unga mwekundu vidoleni, mpaka Agosti likakatikia mkononi mwangu. Mama alileta fundi siku ya tatu, akafunga la shaba, kwa gharama yake. Bado nondo za dirisha la mtoto: ukizigusa zinabanduka magamba. Mama kasema atazipaka rangi akishauza korosho. Korosho ni Oktoba, na huyu mtoto analala chini ya dirisha lile kila siku. Jumamosi nanunua msasa na rangi ya kuzuia kutu, risiti nampelekea aiandike kwenye daftari.

Nyota nne kati ya tano.