Stereo ya mtumba yenye deki mbili: uzoefu wangu wa kurekodi kanda

Niliinunua kwa ajili ya shangazi. Yuko Pangani, simu yake ya kitochi, na redio kaseti ndiyo roho yake. Kila nikimwahidi taarab jibu ni lile lile: "Niletee kwenye kanda."

Nikapata stereo ya Kijapani kwa Sh 70,000, na tundu la AUX, la kuchomekea waya wa simu, lipo nyuma. Muuzaji aliapa kuwa imeshapita kwa fundi. Siku ya kwanza tu ikatafuna kanda. Fundi wangu alipoifungua, kumbe kile kigurudumu cha mpira kinachovuta utepe kimekauka, kinang'aa kama kwato. Akakibadilisha pamoja na mkanda wa mota, akafuta hedi, kile kichwa kinachosoma utepe, kwa pamba na spiriti. Tangu hapo haijatafuna tena.

Kupiga inapiga vizuri mno. Kurekodi ndiko kunakotaka muelewane. Haina kitufe cha kupanga sauti inayoingia kwenye kanda, inajipangia yenyewe. Kwa mawaidha au mpira wa redioni, hewala. Kwa taarab ni balaa. Kanuni, kile chombo cha nyuzi, inaanza peke yake, polepole. Mashine inaona sauti ndogo, inaivuta juu, na ule mvumo wa kanda, shhhh, unapanda nayo. Waitikiaji wakiingia wote kwa pamoja inashtuka na kuwagandamiza, utadhani wamefungiwa chumba cha pili.

Nilihangaika wiki nzima kabla ya kujua kwamba tatizo nalizidisha mwenyewe: simu nilikuwa naiachia sauti yote. Sasa naishusha hadi nusu hivi, na mashine haipati cha kugandamiza. Mvumo kidogo unabaki, ila wimbo hauyumbi. Sauti ya spika haihusiki kabisa. Huwa narekodi usiku nimeizima, watoto wamelala.

Kunakili kutoka deki hadi deki kwa kasi kubwa nimekuacha, sauti za juu za fidla zinapotea.

Kanda natumia za dakika 90, yaani 45 kila upande. Zile za 120 utepe wake ni mwembamba, sizithubutu kwenye mashine yenye historia ya kutafuna. Mwanzoni kuna kipande kisichoshika sauti, kwa hiyo nakizungusha kwa kalamu mpaka utepe wa kahawia utokeze, la sivyo wimbo unaanzia katikati ya neno. Nikimaliza navunja vile vijino viwili vya mgongoni mwa kanda ili isirekodiwe juu yake, maana shangazi vidole vyake haviangalii kitufe kipi cha kurekodi.

La mwisho: simu iwekwe hali ya ndege. Kwenye kanda ya kwanza mimi sikuiweka. Siku mbili baada ya kuipokea shangazi akanipigia, sauti tamu, ameridhika kabisa. "Lakini baba, nani huyo anagonga glasi kwenye wimbo wa tatu?"