Mafunzo kwa walimu wa ufundi: kipindi cha maadili kiliibeba kozi nzima

Nafundisha umeme wa majumbani. Tangu mkondo wa amali, yaani wa masomo ya ufundi, uanze sekondari mwaka 2024, walimu wa ufundi tunaitwa sana kwenye mafunzo, na mara nyingi ni kusomewa slaidi tu. Haya ya chuo kimoja huku kwetu yana afadhali, ingawa si kwa kila kitu.

Kilichonikosha ni kipindi cha maadili. Mwezeshaji, mama mmoja aliyewahi kuwa fundi, hakutuorodheshea sifa za fundi mwaminifu. Alifunga mita ya LUKU, ile ya umeme wa kulipia kabla, kwenye ubao, akamwita mwenzetu awe fundi, yeye akawa mwenye nyumba: "Mwanangu, huu waya wa jiko usiupitishe kwenye mita. Hutakosa ya soda." Mwenzetu akaanza kuhutubia. Akamkatiza: "Mteja kashachoka, anampigia fundi mwingine. Unamjibu nini sasa hivi?" Ukumbi mzima kimya.

Tukafanyishwa zoezi hilo mpaka kila mtu akaweza kukataa kazi bila kumtukana mteja. Kisha tukaliingiza kwenye fomu ya tathmini ya wanafunzi, lipewe alama sambamba na kufunga soketi. Hapo nawapa heko, maana kisicho na alama wanafunzi wetu hawakihangaikii.

Kipindi cha barua za kazi kilikuwa kupoteza muda. Vitini vyote vya Kiingereza, tena vya jumla mno. Nauli nayo, jamani, tuliisubiri mpaka tukasahau.

Ukipangiwa, nenda. Ila beba pesa yako ya kurudia.