Daktari wa mifugo wa pikipiki hapa Nakuru: nyota nne, ya tano imeliwa na saa

Nampa nne kwa tano huyu daktari wa mifugo anayezunguka na pikipiki huku Free Area hadi Lanet, na hio moja iliyobaki nitawaambia ilienda wapi. Namba yake siweki hapa juu sikumuomba ruhusa, lakini watu wa ng'ombe wa huku wote wanamjua. Mimi sina ng'ombe. Niko na sungura wawili, Chapo na Dengu, ambao nilinunua mwezi wa tatu kwa jamaa mmoja wa barabarani, msichana wangu alikuwa amelilia sungura tangu Krismasi. Nilimuuliza huyo jamaa mara tatu, hawa ni majike wote? Akawainua mmoja mmoja kwa ngozi ya shingo, akaangalia huko chini kama sekunde moja hivi, akaniambia mama hawa ni dada kabisa. Nikalipa.

Mwisho wa mwezi wa sita mtoto ananiambia tukikula, kama hadithi tu, ati mami Dengu siku hizi anapanda Chapo mgongoni alaf anaanguka kando kama amezirai. Kijiko kilibaki hewani. Nikamuuliza lini, akasema ile siku ya kufunga shule kidogo, na jana pia.

Sasa hapo ndio tulianza kujitibu wenyewe. Mtoto alichukua simu akatafuta mimba isiyopangwa ya mnyama wa manyoya, sijui aliandika nini, akarudi na habari ati mimba inachukua siku 111, kwa hivo tuko na wakati hadi mwezi wa kumi, na ati tumwekee Chapo beseni la vumbi aoge. Na mimi nikaamini! Tukaweka ata jivu. Kumbe alikuwa amesoma mambo ya chinchila, kale kamnyama ka milima ya Andes huko Amerika Kusini, kanafanana na sungura ukiangalia haraka haraka lakini hakana undugu wowote wa karibu. Chinchila kweli ni siku 111 na mtoto wake anazaliwa na manyoya na macho wazi, anatembea siku hio hio. Sungura ni siku 31, ongeza au toa moja mbili, na anazaa vitu vyekundu uchi visivyoona. Tungengoja huo mwezi wa kumi tungekuwa na kijiji.

Jirani yangu naye, mzee mmoja mwenye ng'ombe watatu, akaniambia si uende agroveti uchukue ile sindano ya kurudisha ng'ombe kwa joto, inatoa mimba, mpe kidogo tu. Alisema kwa roho safi. Nilifika agroveti nikauliza na kijana wa kaunta hakukataa, alikuwa anafikiria dozi! Ni mama mwingine kwa laini aliyenivuta kando akaniambia mpigie daktari kwanza, akanipa namba.

Daktari aliniambia anakuja saa nne asubuhi. Alikuja saa tisa na nusu. Hio ndio nyota ya tano, na hakupiga simu, ni mimi nilipiga mara mbili nikaambiwa niko njiani, niko njiani, na kumbe alikuwa kwa ng'ombe aliyekwama akizaa huko Bahati. Naelewa ng'ombe ni ng'ombe. Lakini nilikuwa nimeomba ruhusa kazini.

Alipofika lakini, watu wangu, alinawa mikono kabla hajaulizwa, akaomba taulo, akakaa chini kwa sakafu na Chapo mapajani. Hakumshika kwa masikio wala ngozi ya shingo, aliweka mkono mmoja chini ya kifua na mwingine chini ya makalio, juu alisema sungura akirusha miguu ya nyuma hewani anaweza kujivunja mgongo mwenyewe. Kwanza akamgeuza Dengu. Akabonyeza polepole pale, akaniita nione: dume inatokea kitu cha mviringo kama kimrija, jike inakuwa mpasuko. Na kwa umri huu wa Dengu hata hukuhitaji kubonyeza, mapumbu yalikuwa yananing'inia pale tangu tuseme mwezi wa tano na sisi tukidhani ni mafuta. Niliona haya.

Alaf Chapo. Alimpapasa tumbo na vidole viwili, polepole sana, macho kwa dari kama mtu anatafuta stesheni ya redio. Ilikuwa imepita kama siku kumi na mbili tangu ile mara ya kwanza mtoto aliona, na alisema hio ndio wakati mzuri, kati ya siku ya kumi na ya kumi na nne, unasikia vitu laini vya ukubwa wa zabibu vimejipanga. Akasema ziko, tatu anazosikia, pengine zaidi. Nikataka kujaribu na mimi akanikataza kabisa, ati mtu asiyejua anaminya mimba akidhani ni mavi, na mavi ya sungura tumboni ni magumu ya mviringo, yanadanganya ata wanafunzi.

Nikamuuliza kuhusu ile sindano ya mzee. Hakunicheka. Aliniambia ile ni dawa ya ng'ombe, hawezi kumpa sungura wa mtoto kwa kukisia, na tena mimi mwenyewe nisiishike ovyo, juu inapita kwa ngozi na mama mjamzito au mtu wa asthma inaweza kumletea shida kubwa. Sasa kumbuka yule kijana wa kaunta alikuwa anataka kunipimia kwa sirinji bila glavu. Akaniambia Chapo ni mkubwa wa kutosha, ana afya, mwache azae. Nililipa elfu moja ya kumwona na mia tatu ya mafuta, na ukipiga hesabu sehemu kubwa ya hio pesa ni ya kuambiwa mwache. Kuna watu wataona hio ni wizi. Mimi niliiona rahisi.

Kitu alichosisitiza hadi akarudia mlangoni ni kumtoa Dengu hio hio jioni, si kungoja Chapo azae. Sungura jike hana siku za joto kama ng'ombe, yai linatoka baada ya kupandwa, kwa hivo anaweza kushika mimba ingine siku ile ile amezaa. Dengu akahamia jikoni kwa kreti.

Akaniandikia kwa karatasi (risiti hana, hio pia nimlaumu kidogo) tarehe ya kuzaa, na tarehe ya kuweka boksi siku tatu kabla. Fundi wa hapa chini alinitengenezea la mbao kwa mia nne na hamsini, sentimita 40 kwa 30, mbele chini kidogo mama aruke lakini watoto wasitoke, na nikamwambia asipake rangi. Ndani nyasi kavu ya boma rhodes, si vumbi la mbao maana linaingia puani. Chakula, nyasi hio hio bila kipimo, maji mengi, pelleti aliongeza na lusani kidogo, sukuma wiki akapunguza, na mtoto alikasirika juu kazi yake ilikuwa kupeleka sukuma.

Siku ya thelathini Chapo akaanza kubeba nyasi mdomoni kama ana masharubu, kesho yake akajing'oa manyoya ya kifua. Alizaa usiku wa siku ya 32, na huo ulikuwa mwezi wa saba, mnajua baridi ya Nakuru ya mwezi wa saba. Sita. Mmoja alikuwa nje ya boksi amekufa, watano ndani wamefunikwa na manyoya.

Halafu shida ikawa Chapo hawakalii. Asubuhi yote ako kona ingine anakula, watoto ako nao haja gani. Nikaona amewakataa, nikaanza kupasha maziwa ya ng'ombe. Nikamtumia daktari meseji, akajibu baada ya masaa matatu (masaa matatu!) sentensi moja: shika mmoja, angalia tumbo. Nikashika. Lilikuwa limejaa, la mviringo, na mwili moto. Akanipigia jioni akanielezea kwamba sungura ananyonyesha mara moja au mbili kwa siku, dakika chache tu, mara nyingi usiku au alfajiri, alaf anakaa mbali ili asivute adui kwa kiota. Tumbo likiwa limenyauka na ngozi imekunjana ndio upige kelele. Hapo sikulipa kitu.

Macho yalifunguka siku ya kumi. Alirudi walipofika wiki nane, mia tano, na safari hii alichelewa dakika arobaini tu. Majike watatu, madume wawili, akaweka alama ya kalamu ndani ya sikio la madume na akaniambia niwatenge kabla ya miezi mitatu.

Kumhasi Dengu amekataa kufanya nyumbani, anasema hana mashine ya usingizi inayofaa sungura na hawezi kubahatisha, amenituma kliniki ya mwenzake mjini. Akanipa na swali la kuwapima: ukiambiwa umlaze njaa kabla ya upasuaji kama mbwa, uliza vizuri, juu sungura hawezi kutapika na tumbo lake halifai kuacha kufanya kazi. Nilipiga, dada wa simu akasema aje ameshiba. Nikabook. Akihasiwa bado atakaa kreti wiki nne hadi sita kwa sababu mbegu za zamani zinabaki, na Chapo atakuwa ng'ambo ya jiko anamwangalia.

Nilipita kwa yule aliyeniuzia pia. Nilienda na hasira yangu yote nikiwa nimeipanga kwa matatu, nikamwambia hao dada zako wamezaa. Hakushtuka. Alifurahi, akaniambia basi mama umepata faida, niletee hao wadogo, mia tatu kila mmoja nachukua wote saa hii. Alaf akauliza, "Ni majike, sindio?"