Sinthesaiza za raki za zamani: ipi ianze, ipi isubiri

Kuanzia katikati ya miaka ya 1980 hadi karibu mwaka 2000, vinanda vingi vikubwa vya Roland, Korg na Yamaha vilitoka na pacha wasio na vibonye: bati la upana wa inchi 19, linalofungwa kwenye raki (fremu ya kupangia vifaa), lenye sauti zilezile ndani na linaloamriwa kwa waya wa MIDI, lugha ambayo vifaa vya muziki hutumiana maagizo ya noti. Studio zilipohamia kwenye kompyuta, mabati hayo yalishushwa, na sasa yanauzwa mkononi, mara nyingi kwa bei ya chini kuliko kinanda mwenzake. Kukosa vibonye nako kuna faida yake. Kinanda cha Roland JD-800 kinajulikana kwa gundi nyekundu inayoyeyuka na umri na kunasa vibonye. JD-990, ambayo ndiyo raki yake, haina cha kunasa.

Orodha hii ni ya prodyuza mwenye kompyuta, kinanda cha MIDI cha kawaida na chumba kidogo, anayetaka kununua bati moja, si kumi. Nimepanga kwa kipimo kimoja: likifika leo, kesho liwe ndani ya wimbo. Habari za utamu wa analogi (sauti inayotoka kwenye saketi za umeme, si kwenye hesabu za kidijitali) nimezisukuma mwisho kwa makusudi.

Ila jiulize kwanza kama unahitaji chuma. Roland wenyewe wanauza JV-1080, XV-5080 na D-50 kama programu ya kompyuta, na Korg wanauza M1 vilevile. Kama shida yako ni sauti tu, nunua programu, pesa inayobaki weka kwenye maikrofoni. Chuma kina maana kwa anayepiga pia jukwaani, harusini au kanisani, ambako kompyuta ikiganda ni aibu ya ukumbi mzima, na kwa yule ambaye wingi wa plagini (programu za sauti za kompyuta) umemfanya ashinde anachagua sauti badala ya kutunga.

1. Roland JV-1080

Hii ilitoka mwaka 1994 na sioni ya kuipiku kwa mtu anayeanza. Inatoa noti 64 kwa pamoja na kupiga ala 16 tofauti kwa wakati mmoja, kila moja na chaneli yake ya MIDI. Hifadhi yake ya mawimbi ni megabaiti 8, pungufu ya picha mbili tatu za simu yako, na ndani ya nafasi hiyo finyu wamebana vayolini, kwaya, tarumbeta, piano za umeme, besi na ngoma. Ufinyu huo ndio umeipa sura yake. Sauti ni fupi, safi, hazina mkia mrefu wala besi ya ziada, kwa hiyo ukiziweka chini ya mwimbaji hazimkanyagi. Piano yake ukiisikiliza peke yake utaiona nyembamba. Iweke kwenye wimbo wenye gitaa na ngoma ndipo uihukumu.

Kuna mambo mawili ambayo wauzaji hawayasemi. La kwanza, sauti moja inaweza kujengwa kwa tabaka hadi nne, na kila tabaka linakula noti yake. Sauti ya tabaka nne inakuachia noti 16 tu, na ukiishikilia pamoja na pedali utasikia noti za mwanzo zikikatika. La pili, kuna efekti kuu moja tu kwa ala zote 16, ukiacha korasi na mwangwi ambazo ala zote huzigawana. Sauti uliyoipenda ikiwa peke yake, ukiipanga na nyingine inapoteza nguo zake. Dawa yake ni kurekodi ala moja moja kwenye kompyuta, kila moja na efekti yake, na hapo ndipo bati hili linapoonyesha uwezo.

Ina nafasi nne za bodi za nyongeza za SR-JV80: nambari 02 ni ya okestra, 04 ni ya sinthesaiza za kale, 05 ni ya ala za dunia. Bodi zikiuzwa peke yake hupanda bei, hivyo ukikutana na bati ambalo tayari lina mbili ndani, hiyo ndiyo ya kuikimbilia hata kama muuzaji amezidisha kidogo.

Ndugu zake nawapa mstari mmoja mmoja. JV-2080 ina nafasi nane za bodi, skrini kubwa na efekti kuu tatu. Bei ikikaribiana, chukua hiyo. JV-1010 ya mwaka 1999 ni nusu ya upana, ina bodi ya Session ndani, inafaa kubebwa kwenye begi, lakini kuhariri sauti bila kompyuta ni mateso. XV-5080 ni bora kuliko zote, noti 128, na bei yake inalijua hilo.

2. E-mu Proteus 2000

Ya mwaka 1999, inakaa nafasi moja tu ya raki, noti 128, hifadhi ya megabaiti 32. Kwa karatasi inaishinda JV-1080. Nimeiweka ya pili kwa sababu sauti zake za kiwandani zinataka kuchujwa: kuna mamia, nyingi za kawaida, halafu unakutana na moja inayokufanya ufute mipango ya jioni. Nguvu yake ni filta, yaani vichujio vya sauti, aina 50, nyingine zikibadilisha pedi ya kawaida (sauti ndefu ya kujaza nyuma ya wimbo) kuwa kitu kinachokaribia kusema. Anayetengeneza hip hop atafute dada yake, Mo'Phatt, yenye mashine ya aina ileile, ila noti 64, na sauti zilizochaguliwa kwa kazi hiyo.

Kikwazo ni kwamba E-mu kama kampuni ya sinthesaiza haipo tena, kwa hiyo vipuri ni vya kuchinja mashine nyingine. Zungusha kitufe chake cha kuchagulia taratibu kabla ya kulipa. Namba zikiruka mbele na nyuma, fundi anakusubiri.

3. Yamaha TX81Z

Hii ndiyo ya pesa kidogo. Ilitoka mwaka 1987, ni ya FM, yaani wimbi moja hulitikisa jingine kuzaa sauti, ya opereta nne (vizalisha mawimbi), noti nane tu. Inatoa mvumo kidogo chinichini, skrini yake ina mistari miwili, na kuihariri kwa vidole ni kama kushona nguo kupitia tundu la ufunguo. Hata hivyo besi yake ya kiwandani iitwayo Lately Bass imekaa kwenye muziki wa dansi wa dunia nzima, na hadi leo ukiipiga inakaa mahali pake bila ya kuguswa. Tofauti na ndugu zake wa bei rahisi kama DX100, opereta zake zina mawimbi manane ya kuchagua badala ya moja, kwa hiyo inafika mbali zaidi ya kengele na besi.

Kuna jambo lingine ambalo wapiga taarabu wanapaswa kulijua. TX81Z inakuruhusu kubadili urari wa noti, yaani kimo cha kila noti, noti kwa noti, na kuuhifadhi. Mwenye kupiga maqam zenye robo toni, zile ambazo kanuni, udi na fidla huzifikia bila shida na kinanda cha kawaida huzikosa, anaweza kuiteremsha noti anayoitaka na kuiacha hapo. JV-1080 nayo ina uwezo wa kurekebisha urari, ila hii ya Yamaha inafanya kazi hiyo kwa bei ya chini.

4. Korg M1R

Raki ya M1, kinanda kilichotoka mwaka 1988. Noti 16, megabaiti 4. Piano yake ngumu na ogani yake ya kudunda ndizo zilizobeba muziki wa house wa miaka ya 1990. Zaidi ya hizo mbili na pedi kadhaa, sehemu kubwa imezeeka, na si kwa uzuri. Sauti zake zinatunzwa na betri: betri ikifa, zinapotea zote, na utazirudisha kwa kutuma faili la SysEx (data ya sauti na mipangilio inayopita kwenye waya wa MIDI) kutoka kwenye kompyuta. Programu ya Korg inaiga M1 vizuri kiasi kwamba hapa ndipo ningemshawishi mtu aache chuma.

5. Roland D-550

D-50 ndani ya raki, mwaka 1987. Inaunganisha mwanzo wa sauti uliorekodiwa kwa sampuli na mwili uliotengenezwa kwa sinthesaiza, ndiyo maana noti zake zinaanza kwa cheche kisha zinatandazika kama ukungu. Nzuri mno kwa pedi. Haipigi ngoma, haikupi ala 16, na utaishia kuipenda zaidi ya unavyoitumia. Ije ya pili au ya tatu.

6. Oberheim Matrix-1000

Hii ndiyo analogi pekee niliyoiweka: noti sita, sauti 1000 ndani, 800 za kudumu na 200 za kubadilisha. Sauti zake za shaba, za mtindo wa tarumbeta, ni nene na laini kwa pamoja. Haina vitufe vya kuhariri usoni, unahitaji programu ya nje. Bei yake imepanda hadi pale ambapo unaweza kupata sinthesaiza mpya ya analogi yenye dhamana. Kwa mtu wa bati la kwanza, hapana.

Umeme na ukaguzi

Mabati mengi yanayouzwa mtandaoni yako Japani au Marekani. Japani ni volti 100, Marekani 120, sisi Tanzania ni 230 na Kenya 240. Mengi ya zama hizo hayana swichi ya kubadilisha volti, kwa hiyo omba picha ya kibandiko cha nyuma kabla ya jambo lolote. Kosa wanalolifanya wengi ni kununua transfoma ya kugawa umeme nusu na kudhani imetosha. Umeme wa 240 ukigawanywa nusu ni 120: sawa kabisa kwa bati la Marekani, lakini ni asilimia 20 zaidi kwa la Japani, nalo litapata joto siku baada ya siku hadi kitu kiungue. La Japani litafutie transfoma inayotoa 100 kamili. Mabati haya hayali umeme mwingi, transfoma ya wati 100 inabeba moja bila jasho.

Muuzaji akiwa mbali, akutumie video isiyokatwa: anawasha, skrini inaonekana nzima, anapiga sauti tatu, anabonyeza kila kitufe. Skrini hafifu peke yake si sababu ya kukataa. Taa za nyuma za zama hizo hufifia na fundi mzuri wa vifaa vya sauti huzibadilisha. Ujumbe wa betri kuisha nao usikutishe, ni betri ndogo ya bei nafuu, ingawa kwenye mashine nyingine imechomelewa kwa risasi. Hifadhi sauti kwenye kompyuta kabla ya kuitoa. Cha kuogopa ni mvumo mkubwa wa umeme, njia moja ya sauti isiyotoka, na kwenye analogi, noti moja kati ya sita inayolia tofauti na wenzake.

Mwisho, tenga pesa ya intafesi ya sauti, yaani kifaa cha kuingizia sauti kwenye kompyuta, yenye angalau maingizo mawili ya laini, na ya kiunganishi cha MIDI cha kampuni inayojulikana. Vile viwaya vya USB vya MIDI visivyo na jina vinapitisha noti vizuri tu, lakini vingi vinavuruga mafaili marefu ya SysEx, na hutalijua hilo mpaka siku betri ya M1R yako itakapokufa na unarudisha sauti.