Pa kuhifadhi sesheni za watumiaji: kipi ulipie, kipi uache

Kabla ya kutoa hela, piga hesabu. Sesheni ni taarifa zinazoifanya tovuti imkumbuke mtumiaji aliyeingia. Sesheni ya kilobaiti 2 kwa watumiaji 100,000 ni takriban megabaiti 200, kwa hiyo usikubali kuuziwa mtambo mkubwa.

Nafasi ya kwanza: Redis, hifadhidata inayoweka data kwenye memori, au Valkey iliyochipuka kutoka humo. Ukiwa na seva mbili au zaidi, anzia hapa. Kila sesheni huwekewa muda wa kuishi kwa amri ya SETEX, na ukiisha hujifuta yenyewe. Kwa hesabu ile, chukua megabaiti 512, kwa sababu kila rekodi hula memori zaidi ya data zake. Muulize muuzaji kama unaruhusiwa kubadilisha maxmemory-policy, yaani mpangilio unaoamua kinachofanyika memori ikijaa. Ikiwa noeviction, memori ikijaa Redis hukataa kuandika, na watu wapya hawaingii. Ikiwa allkeys-lru, hufuta rekodi zisizoguswa kitambo, na watumiaji hujikuta wametolewa katikati ya kazi. Ndiyo maana sesheni zinastahili Redis yake peke yake, zisichanganywe na kashe (nakala za muda za kuharakisha tovuti). Washa pia appendonly, inayoandika kila badiliko kwenye diski. Ikiwa appendfsync, inayopanga maandishi yasukumwe diskini kila baada ya muda gani, ni everysec (kila sekunde), mtambo ukianguka utapoteza kama sekunde moja ya maandishi, si sesheni zote. Huduma iwe karibu na seva zako, maana kila ombi litaisubiri.

Ya pili: hifadhidata uliyo nayo tayari. Kwa tovuti ya seva moja, PostgreSQL au MySQL inatosha kabisa, usinunue kitu. Weka faharasa kwenye safu ya muda wa kuisha, kisha panga usafi wa kila siku. Kwa mfano Django, mfumo wa Python wa kujengea tovuti, haifuti sesheni zilizokwisha muda mpaka uendeshe amri ya clearsessions. Ukisahau, jedwali huvimba.

Ya tatu: kuki yenye saini, yaani sesheni yenyewe inakaa kwenye kivinjari cha mtumiaji. Haina gharama, ila kikomo ni kama kilobaiti 4. Saini huzuia kubadilishwa, haizuii kusomwa. Kibaya zaidi, kuki ikiibwa huna rekodi ya kufuta kwenye seva: mwizi ataitumia mpaka muda wake uishe.

Ya nne: faili kwenye diski ya seva, njia ya kawaida ya lugha ya PHP. Faili hufungwa ombi likiendelea, hivyo maombi ya mtumiaji mmoja hupanga foleni. Ita session_write_close() mara umalizapo kuandika. Ukiongeza seva ya pili, haitamjua aliyeingia kupitia ya kwanza.

Ya mwisho: Memcached, hifadhi nyingine ya kwenye memori. Ina kasi, lakini kwa kawaida ikizimwa hupoteza kila kitu. Itumie kwa kashe.