Emancipation ya Prince: niliwauzia watu, sasa nimeinunua

Mpwa wangu alipokuja kutoka London mwezi uliopita, ndugu walikuwa wamemwagiza viatu na simu. Mimi nilimwandikia jina moja tu: Emancipation, yaani ukombozi, albamu ya Prince, yule mwanamuziki wa Marekani, CD tatu, ile ya mwaka 1996 na si ya kuchapishwa upya. Aliipata kwenye duka la vitu vilivyotumika kwa pauni 8. "Mjomba, kasha lina ufa," akaniambia kwa aibu. Nilimwambia hata ingekuja bila kasha ningeipokea kwa mikono miwili.

Naijua albamu hii tangu ilipotoka. Miaka hiyo nilikuwa na kibanda cha kurekodi kanda Luwum Street, Kampala, karibu na ile stendi ya zamani ya taxi. Redio za FM zilikuwa zimeanza mjini mwaka 1993, na watu waliosikia wimbo asubuhi walikuwa mbele ya kibanda jioni wakiuulizia. Mteja alichagua nyimbo, nikamrekodia. Albamu hii ilinitesa. Kila CD ina nyimbo 12 na inachukua dakika 60, kwa hiyo nilitumia kanda tatu za saa moja moja, nusu saa kila upande. Kwenye zote tatu, wimbo wa saba ndio ulioangukia mwisho wa upande wa kwanza, ukakatika mtu akiwa katikati ya kuimba. Umeme nao ukipungua nguvu, sauti ilirefuka kama ya mlevi na kazi ikaanza upya. Nilirekodi seti nyingi, nikalipwa, na mwenye nyimbo hakupata hata shilingi. Hilo limenikaa moyoni miaka mingi, na ndiyo sababu ya kwanza ya kuinunua.

Sababu ya pili ni jinsi albamu yenyewe ilivyozaliwa. Prince alisaini na kampuni ya kurekodi ya Warner Bros. mwaka 1977, kijana wa Minneapolis ambaye hata miaka 20 hakuwa nayo. Albamu yake ya kwanza, ya 1978, alipiga vyombo vyote mwenyewe. Mwaka 1984 albamu yake Purple Rain ilishika namba moja Marekani, ikakaa hapo wiki 24. Mwaka 1992 akasaini mkataba mpya uliotangazwa kuwa wa dola milioni 100, na ugomvi ukaja juu. Yeye alikuwa anaandika nyimbo kila siku na alitaka zitoke zikiwa bado moto. Kampuni ilitaka albamu moja ikae sokoni, iuzwe vizuri, ndipo nyingine ifuate. Na masta, yaani kanda mama ambayo kila nakala hutoka kwake, zilikuwa mali ya kampuni. Alizitunga na kuzipiga yeye, lakini hakuwa na ufunguo wa kabati.

Tarehe 7 Juni 1993, siku aliyotimiza miaka 35, akaacha jina lake na kuchukua alama isiyotamkika. Magazeti yalitumiwa diski ili yaweze kuichapisha. Kisha akaanza kutokea mbele ya watu na neno "slave" limeandikwa shavuni, yaani mtumwa. Wako waliosema tajiri kama yule hana haki ya neno hilo. Mimi Mnubi wa Bombo, hapa Uganda, ambaye wazee wetu waliletwa huku kama askari wa watu wengine, nililifikiria sana. Naona neno ni zito kuliko hali yake. Lakini ninaelewa alichokuwa anakionyesha kwa kidole: kuna karatasi mahali fulani, na kwenye karatasi hiyo kazi ya mikono yako si yako.

Ninaelewa kwa sababu niliwahi kuisaini ya kwangu. Mwaka 1999 nilitunga nyimbo mbili za harusi, mapigo ya doluka, ngoma yetu Wanubi, juu ya kinanda, zikarekodiwa siku moja. Msambazaji mmoja alinipa shilingi 150,000 na karatasi mbili za Kiingereza. "Saini hapa, mdogo wangu, foleni ni ndefu." Nilisaini nikiwa nimesimama, karatasi juu ya kaunta. Miaka minne baadaye nilitaka kuurekodi upya wimbo mmojawapo kwa bendi kamili, nikaambiwa si wangu tena, nimeshauuza wote na sauti yake. Naupiga harusini, watu wanacheza, na kila nikiupiga nakumbuka ile kaunta. Sheria yetu ya Hakimiliki ilikuja 2006 na inampa mtunzi haki kwa maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Haki hiyo, ukishaiuza kwa maandishi, wewe unabaki na kumbukumbu tu.

Sasa niiseme bidhaa. Kasha ni nene, na picha ya mbele ni mikono iliyokata mnyororo. Ndani kuna kijitabu chenye maneno ya nyimbo, cha kwangu hiki kimechakaa kwenye pembe. Ilitoka tarehe 19 Novemba 1996, miezi michache tu baada ya Prince kuachana na Warner Bros. Jina la mwenye mali ni NPG Records, kampuni yake mwenyewe. EMI waliisambaza tu. Mistari hiyo midogo ya mgongoni niliisoma kwanza, kabla hata ya kuweka CD kwenye mashine.

CD ya kwanza ni ya mtu aliyetoka nje akavuta hewa. Besi inatembea bila haraka, tarumbeta zinacheka. Umo pia wimbo "Betcha by Golly Wow!", ambao kundi la Stylistics waliufanya maarufu mwaka 1972. Kabla ya hapo hakuwa na kawaida ya kuweka nyimbo za wengine kwenye albamu zake. Anauimba kwa ile sauti ya juu, polepole, na mpiga kinanda yeyote wa harusi anapaswa kuusikiliza jinsi alivyouachia nafasi. Sisi tunajaza kila pengo kwa vidole.

CD ya pili ndiyo moyo, na kama una nafasi ya kusikiliza moja tu, chukua hiyo. Alikuwa amemwoa Mayte Garcia mwezi Februari mwaka huohuo na walikuwa wanatarajia mtoto. Wimbo wa kwanza, "Sex in the Summer", chini ya mapigo yake kuna mdundo wa moyo wa mtoto huyo, uliochukuliwa kwenye kipimo cha hospitali akiwa bado tumboni. Siku za kibanda sikuujua ukweli huo. Nilidhani ni ngoma ya kompyuta. Mtoto alizaliwa Oktoba 1996 akafariki baada ya siku chache, na albamu ikatoka mwezi uliofuata mdundo ukiwa palepale. Nimeusikiliza usiku kwa hedifoni, nikaurudia, nikalazimika kuzima mashine na kwenda kukaa uani. Mke wangu aliniuliza kuna nini. Nilimpa hedifoni nisiseme kitu, naye alikaa nazo mpaka wimbo ukaisha. Kisha mbele kidogo kuna "The Holy River", gitaa mwishoni linapanda kama mtu anayeomba dua, na hapo ndipo unasikia kwa nini mtu huyu alihangaikia kazi yake hivyo. Hakuna ofisi inayoweza kukuagiza utengeneze kitu kama hicho.

CD ya tatu inaanza na wimbo uitwao "Slave", lile neno la shavuni. Ni mzuri, mkavu, una hasira iliyopoa. Baada ya hapo ninachoka. Nyimbo za ngoma za kompyuta zinarefuka, nyingine zingekatwa nusu, na zipo ambazo mtu mwenye masikio makali na ujasiri angemwambia, "Hii iache nyumbani." Kampuni ya kurekodi yenye watu wanaojua muziki ina faida hiyo moja ya kweli, na ni lazima niikubali hata kama roho yangu iko upande wa Prince. Saa tatu ni nyingi. Ila ninapofikiri kwamba miaka mitatu mizima alikuwa anaambiwa asubiri, siwezi kumlaumu kwa kufungua milango yote siku aliyopewa funguo.

Wala barabara haikunyooka. Kufikia katikati ya 1997 tawi la EMI lililokuwa linaisukuma albamu Marekani lilifungwa, na albamu ikapoteza mbeba mzigo wake. Kumiliki masta hakukupi lori la kuzifikisha dukani. Lakini ziliendelea kuwa zake. George Michael, mwimbaji wa Uingereza aliyewashtaki kampuni yake ya Sony London kwa kilio cha namna hiyohiyo, alishindwa mahakamani mwaka 1994 akatoka mikono mitupu. Prince alisubiri. Mwaka 2000 alirudia jina lake, na mwaka 2014 akapatana na Warner haohao na kurudishiwa umiliki wa zile masta za zamani. Alifariki tarehe 21 Aprili 2016 akiwa na miaka 57. Miaka miwili tu alikaa nazo.

Kwa vijana wa studio za Kampala wanaonijia na mikataba kwenye simu, albamu hii nawasikilizisha kabla sijasoma hata mstari mmoja wa karatasi zao. Nawaonyesha mgongo wa kasha. Wengine wanataka kuiazima, siiazimishi. Anayeitaka aje kwangu Bombo Jumamosi baada ya Adhuhuri, mashine yangu bado inasoma CD vizuri na spika nimezibadilisha koni. CD ya tatu tu ndiyo ina mkwaruzo, wimbo wa tisa unakwama. Hapo tunaruka hadi wa kumi.